Kadi Niliyoifunga Pindoni mwa Kanga

Shuleni, Dodoma
Jumapili mchana

Kwako Dada Mwantumu,

Shikamoo, dada yangu. Nakuamkia wewe kwanza, kisha umpelekee Mama shikamoo yake mpaka alipoketi, usimrushie tu kutoka mlangoni. Magoti yake yanaendeleaje na baridi ya huko Lushoto? Na cherehani yako iliyokuwa inakata uzi imetengenezwa, au bado unashona huku unaitukana? Mimi mwili ni mzima. Malaria iliyonishika Januari ilikwisha, na masomo ya kidato cha tano, ingawa ni magumu, bado nayashika. Mvua za huku mwaka huu zimenyesha kwa kubahatisha, lakini majani yameota hadi chini ya madirisha ya bweni. Wewe uliyezoea ukungu na matope utacheka ukisikia kuwa sisi hii tunaiita neema.

Dada, barua hii isome kwanza peke yako, umeketi. Utakapomsomea Mama utajua mwenyewe pa kuruka, maana kuna mambo ya uzazi ambayo hajawahi kuyasikia kutoka kwangu, na sijui kama angependa kuyasikia yakisomwa mbele ya Baba Mdogo. Lakini wewe nataka uyasome yote. Kuna mama mmoja amelazwa hospitalini mjini tangu Jumatano. Ana mimba ya miezi saba, anavuja damu, na hatujui kama atatoka. Sehemu ya sababu ya yeye kuwa pale niliiandika mimi, kwa kalamu yangu, na nikapewa zawadi.

Nianze mwanzo. Mwaka jana mwezi wa nane walikuja watu wa mradi. Siku hizi miradi ni mingi. Kila baada ya muda gari jipya linasimama mbele ya ofisi ya mkuu wa shule na watu wanashuka wamevaa fulana zenye maandishi. Hawa walishughulikia afya ya uzazi na kujikinga na UKIMWI. Walitaka wasichana wa shule watunge mchezo wa kuigiza upelekwe kijiji kimoja cha mashamba ya zabibu upande wa Makutupora, wakati wa mavuno, kwa sababu wakati ule vibarua hukusanyika pale kutoka Kondoa, Singida na kwingineko. Mwalimu Kezia, anayetufundisha Kiswahili na ndiye mlezi wa kikundi cha sanaa, alinichagua mimi niuandike kwa kuwa insha zangu humpendeza.

“Funzo liwe wazi,” aliniambia. “Mgogo wa mstari wa nyuma ambaye Kiswahili anakikuta sokoni tu aondoke nalo. Mwema apate mema, mbaya apate ubaya wake. Mchezo usio na funzo ni kelele.”

Nikaandika habari za dada watatu wa tumbo moja. Wa kwanza nilimwita Subira. Yeye aliolewa, akazaa kila mwaka, na kila mwaka akaenda shambani akiimba. Wa pili nilimwita Tamaa. Huyu alikuwa na mabwana, akaugua, akafa. Wa tatu nilimwita Majivuno. Alikataa wachumba wawili, akataka kuishi peke yake na kazi yake, na mwisho wa mchezo akawa kichaa anaokota makopo. Unaona, dada, niliwahukumu kwa majina kabla hawajafungua midomo. Na wewe, uliyekataa wachumba wawili ukabaki na cherehani yako na amani yako, hukunijia hata mara moja kichwani nilipokuwa nachekesha watu kwa kumwokotesha Majivuno makopo. Sijui nikuelezeje. Nilikuwa naandika “mwanamke asiyeolewa”, nikasahau kuwa mmoja wao alinibeba mgongoni.

Siku ya mazoezi likatokea tatizo. Rafiki yangu Agripina, ambaye ndiye aliyepewa nafasi ya Tamaa, akasimama katikati ya ukumbi mikono kiunoni.

“Sasa mimi watanijuaje kuwa ni mbaya? Nikipaka rangi mdomoni, wa nyuma haoni. Nikitembea kwa maringo, watasema ndivyo Agripina anavyotembea.”

“Kwani uongo?” mtu akasema, tukacheka.

“Avae sketi fupi,” mwingine akashauri.

“Mbele ya wazee wa watu? Mkuu wa shule atanirudisha Iringa na sketi hiyohiyo!”

Wazo lilitoka kwangu, dada. Hakulitoa mtu mwingine. Nilisema, “Awe na kadi. Ile ya uzazi wa majira, wanayopewa zahanati akina mama wanaopanga uzazi. Kila akikutana na mwanamume aifungue pindoni mwa kanga, aitazame, airudishe. Hata asiyejua Kiswahili ataelewa.”

Wote wakapiga makofi. Mwalimu Kezia akasema, “Hapo umefikiri.” Nikachukua karatasi ngumu ya manila, nikaikata kubwa kuliko kadi ya kweli ili ionekane kwa mbali, nikaipaka rangi ya njano. Hakuna hata mmoja wetu, Mwalimu akiwa miongoni mwetu, aliyewahi kuifungua kadi ya kweli akasoma kilichoandikwa ndani.

Tulicheza mwezi wa tisa kwenye uwanja ambako zabibu hupokelewa. Makreti yalikuwa yamepangwa kama ukuta, nyuki wamejaa, na akina mama wa kijiji walitukaribisha kwa ngoma zao za muheme wanazozibana katikati ya magoti na kuzipiga wenyewe mpaka vumbi linanyanyuka. Mchezo ulipokelewa, dada, sijawahi kuona. Kila Agripina alipogusa pindo la kanga, uwanja mzima uliitikia, “Kadi! Kadi!” Alipokufa tulimlaza na kadi juu ya kifua. Mwalimu akaomba watazamaji watoe maoni, kama watu wa mradi walivyotaka. Mwanamume mmoja akasimama akasema, “Tumeelewa vizuri. Kumbe hizi kadi wanazotuficha ndani ya nyumba zetu ni za kazi hiyo!” Watu wakaangua kicheko, akina mama nao wakacheka. Mimi nikaandika kwenye daftari langu, “Ujumbe umefika.” Wiki iliyofuata mkuu wa shule alinipa kamusi mbele ya gwaride.

Tuliendelea hivyo mpaka Februari, tunasifiwa. Siku moja baada ya kipindi cha nne niliitwa ofisini kwa walimu. Nikamkuta mwanamke mnene, amevaa sare ya uuguzi iliyopauka, miguu imejaa vumbi la baiskeli. Ndiye Nesi Perpetua wa zahanati ya kile kijiji. Alikuwa ameshika mfuko wa kitenge. Hakukaa.

“Ndiye huyu?” akamwuliza Mwalimu Kezia.

“Ndiye.”

Nesi akageuza mfuko akamimina mezani. Zilikuwa kadi, nyingi. Nyingine zimekunjwa mara nne, nyingine zimeloa zikakauka, nyingine zimeungua pembeni.

“Hizi nimerudishiwa,” akasema. “Wengine wamezichoma, wengine wamezitupa chooni, hizo sikuweza kukuletea. Benchi langu la kliniki ya Jumanne limebaki tupu, mwanangu. Wanaume wanapekua masanduku. Mwanamke akikutwa nayo anaulizwa, ‘Wewe ndiye Tamaa?’ Watoto wanawaimbia mama zao njiani.”

Mwalimu Kezia akajibu kwa utaratibu kwamba shule ilifundisha maadili, na kwamba kama watu wameelewa vibaya, hilo si kosa la mwandishi.

“Wameelewa vizuri sana,” Nesi akasema. “Ndiyo shida yenyewe. Mwalimu, sikuja kugombana. Pale kwangu wanakuja wenye ndoa na wasio na ndoa. Wanakuja wenye mabwana wawili, na wapo wasiotaka mwanamume kabisa wanaokuja kwa maradhi yao mengine. Wote nawaandika. Fungua hiyo kadi, soma. Kuna mahali pa uzito, pa presha, pa tarehe ya kurudi. Mahali pa kuandika tabia hapapo.”

Nikaifungua moja. Ilikuwa kama alivyosema. Mbele pameandikwa watoto waliozaliwa watano, kwa kupasuliwa mara mbili. Chini, kwa wino mwekundu: mimba nyingine ni ya hatari. Kona moja ilikuwa imeungua.

“Hiyo ni ya Mama Nyemo,” Nesi akasema kwa sauti ya chini. “Niliiokoa jikoni kwake mwenyewe. Aliacha vidonge wiki ileile mliyocheza. Sasa ana mimba ya miezi mitano.”

Machozi yakanidondoka juu ya kadi. Nesi akaniambia niache kulia, kwa kuwa hakuja kuchukua machozi. Alitaka Jumamosi niende nikamwone huyo mama kwa macho yangu.

Nilikwenda pamoja na Mwalimu. Tulimkuta Mama Nyemo kibarazani anachambua mlenda, miguu imevimba. Ni mwanamke mwembamba, si mzee hata kidogo, labda anakuzidi miaka miwili mitatu. Nyemo ni binti yake wa kwanza, na jina hilo kwa Kigogo ni furaha. Nikapiga magoti nikamwamkia.

“Marahaba. Wewe ndiye uliyemuua Tamaa?” akauliza.

“Ni mimi, mama.”

“Ukamwua bila hata mtoto wa kumlilia! Una roho ngumu kwa umri wako.” Akacheka, kisha akashika ubavu. “Mimi siku ile nilicheka kuliko wote. Muulize Nesi. Nilicheka mpaka kanga ikanivuka. Unajua kwa nini? Baba Nyemo alikuwa ananitazama mimi, hatazami mchezo.”

Mwalimu Kezia akatazama chini.

“Kadi nilikuwa nimeificha kwenye kopo la unga wa uwele,” Mama Nyemo akaendelea. “Niliporudi tu nikaitia kwenye moto, Nesi akanikuta akaichomoa, nami nikamwambia Baba Nyemo naona panya wametafuna karatasi. Vidonge nikavizika. Afadhali mimba kuliko jina lile. Ndivyo nilivyopima mimi. Sasa nikuulize na mimi. Huyo Subira wako, anayezaa kila mwaka na kwenda shambani akiimba, umewahi kumwona wapi?”

“Sijawahi, mama.”

“Hata mimi. Ningemwona ningemwomba anisaidie kupogoa mizabibu.”

Nikamwomba anisamehe. Akaendelea kuchambua mlenda kwa muda, halafu akasema, “Kusamehe nimesamehe, wewe ni mtoto. Lakini msamaha wa hapa barazani utanisaidia nini mimi? Mlisema uwanjani, mbele ya watu. Nendeni mkaseme uwanjani, mbele ya watu walewale.”

Kwa hiyo, dada, ikanibidi niandike upya. Ulikuwa ni mwezi mgumu kuliko mitihani yote niliyofanya. Mwalimu Kezia mwanzoni alikataa kabisa. “Nikubali wanafunzi wangu waende kuhubiri kwamba kadi ni nzuri? Wazazi watasema tunafundisha uhuni.” Nikamwambia, kwa heshima, kwamba kama mchezo mpya hautachezwa, naomba nitoke kwenye kikundi na kamusi nairudisha kwa mkuu wa shule mbele ya gwaride lilelile. Alinitazama kana kwamba nimemtukana. Kwa siku nne hakuniita kujibu swali darasani. Siku ya tano akasema, “Andika. Nitasoma. Sijaahidi.”

Nilipoandika mara ya kwanza nikapotea upande wa pili. Nilimfanya mwenye kadi awe malaika, mumewe shetani, na kila mtu anahutubia. Nesi Perpetua akausoma akaurudisha. “Umeniandikia tangazo,” akasema. “Tangazo ninalo ukutani, na hakuna anayelisoma. Niandikie watu.”

Basi nikaanza kwa kuyafuta majina. Subira nikamwita Anna. Anampenda mumewe, hajatoka nje ya ndoa hata siku moja, na ugonjwa unamfuata nyumbani kwake, umebebwa na mume aliyekwenda kuchimba madini. Sikumwua. Nilimwacha anakwenda kupima, anarudi, anapika, hajui atamwambiaje. Tamaa nikamwita Josefina. Mwanzoni nilitaka aolewe ili watu wamkubali, nikaona huko ni kumnunulia msamaha, nikamwacha na bwana wake. Anamwambia huyo bwana bila kinga hapana, bwana anaondoka kwa hasira, na wiki inayofuata anarudi. Wapo watazamaji watakaosema anatenda dhambi, na katika mchezo jirani yake anamwambia hivyohivyo kwa maneno makali. Sikumnyamazisha jirani. Lakini sikuuita ugonjwa uje kumsaidia jirani kushinda ubishi. Hilo ndilo nililojifunza, dada, na sijui kama naliandika vizuri. Mtu akichagua jambo nisilolichagua mimi, naweza kuonyesha linamgharimu nini na linampa nini. Nikimletea kifo kwa sababu tu simpendi, hapo nimeacha kutunga, naadhibu. Na aliyeketi pale uwanjani mwenye siri kama yake anaondoka na adhabu hiyo mwilini mwake.

Kadi nikampa mwanamke wa nne, mwenye watoto watano. Anaificha, anaulizwa na mumewe, na kwa mara ya kwanza anaifungua mbele yake waisome wote wawili.

Majivuno je? Nilimpa jina la Tunu na duka dogo la kushona. Mwalimu Kezia alipofika kwake akaweka kalamu chini.

“Huyu asiyeolewa, mwishowe anapata nini?”

“Anapata jioni, Mwalimu. Anafunga duka, anakwenda kwake.”

“Basi?”

“Kuna siku anakuwa mpweke. Nimeandika hapo. Kuna siku anafurahi. Nimeandika pia.”

Mwalimu Kezia anaishi peke yake katika nyumba ya mwisho ya walimu, ana kuku wake na redio yake, na wasichana husema mengi juu yake baada ya taa kuzimwa, mimi nikiwa mmoja wao. Aliichukua tena kalamu yake, akasema, “Hapo usibadilishe kitu.” Akaugonga mswada mhuri wa kikundi siku hiyohiyo na kuupeleka mwenyewe kwa mkuu wa shule. Walizungumza mlango umefungwa. Mkuu aliruhusu kwa sharti kwamba Nesi asimame nasi kujibu maswali, na kwamba likitokea la kutokea, kikundi kifungwe.

Tulicheza jana. Jumatano, kama nilivyokuambia, Mama Nyemo alikuwa ameanza kuvuja damu akapelekwa mjini kwa gari la kubebea zabibu, kwa hiyo yeye aliyetutuma hakuwepo. Nilikwenda miguu mizito. Watu walikuja wengi, naamini wengi walikuja kuitikia “Kadi!” na mwanzoni waliitikia. Josefina alipotokea wakamshangilia Agripina kama mtu wao wa siku nyingi. Lakini hapakuwa na wa kumzomea mpaka mwisho, na taratibu wakanyamaza wakaanza kusikiliza. Wakati Anna anaporudi kutoka kupima, mzee mmoja alitoka akaenda kusimama nyuma ya makreti. Wakati wa kadi hapakuwa na sauti.

Mwalimu alipoomba maoni, aliyesimama alikuwa Baba Nyemo. Alikuwa ametoka shambani, mkasi wa kupogolea bado umechomekwa mkandani.

“Mimi sina maoni, nina swali,” akasema. “Mke wangu yuko hospitali. Daktari anasema watampasua, na wakishampasua wamfunge uzazi, maana safari nyingine havuki. Mwenyewe ameshatia kidole kwenye karatasi ya kukubali. Wanataka na changu. Nimekataa toka Alhamisi. Nauliza hapahapa mliponifundisha: mwanamke aliyefungwa bado ni mke wa mtu, au amekuwa kama yule wenu wa kadi?”

Mwalimu Kezia akamtazama Nesi. Nesi akanitazama mimi. Nikajua ni zamu yangu, kwa sababu yeye hakuuliza habari za tiba.

“Baba, shikamoo,” nikasema. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi niirudie. “Yule wa kadi hakuwepo. Nilimtunga mimi, na nilimtunga vibaya. Sikuwa najua kadi ni nini. Mama Nyemo yupo. Nilikaa naye barazani kwako. Usimpime kwa mtu ambaye hakuwahi kuwepo.”

Bibi mmoja mpiga muheme, bado ngoma iko magotini, akamwambia Baba Nyemo kwa sauti, “Wewe, ulioa mtu au ulioa tumbo?” Watu wakacheka, lakini kicheko kilikatika upesi, maana Baba Nyemo alikuwa ameshaanza kutembea. Alipita katikati ya watu akielekea barabarani. Hatukujua anakwenda hospitali au anakwenda kilabuni. Mpaka naandika hapa hatujui. Naiacha barua wazi, sina nguvu ya kuifunga.

Alhamisi

Dada, naendelea. Jana Mwalimu Kezia aliniombea ruhusa nikaenda hospitali pamoja na Nesi Perpetua.

Baba Nyemo alikwenda. Alifika jioni ileile na vumbi lake na mkasi wake, akaomba karatasi, akatia kidole. Walimpasua mkewe Jumapili, wakati mimi nimeketi hapa nakuandikia. Mama Nyemo yu hai. Nimeandika neno hilo mara mbili kwenye karatasi ya pembeni kabla ya kuliandika hapa. Mtoto alikuwa wa kike. Aliishi siku moja.

Tulimkuta amelala upande, mdomo umepauka, Baba Nyemo ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa anamkamulia chungwa kwenye kikombe. Aliponiona akasimama akanipisha ndoo, akatoka nje.

“Mmecheza?” Mama Nyemo akauliza.

“Tumecheza, mama. Uwanjani, mbele ya watu walewale.”

“Nimesimuliwa. Baba Nyemo amenisimulia mchezo wote, kasimulia vibaya, lakini kasimulia.” Akatulia apumue. Nesi akamfunika vizuri.

Nikampa pole ya mtoto, na pole hiyo ikaonekana ndogo sana mle wodini. Alinishika mkono. Vidole vyake ni vigumu kama vya mwanamume, kwa kazi ya mizabibu.

“Na yule Agripina wenu, safari hii alisema nini?” akaniuliza ghafla.

Nilishtuka, kwa sababu asubuhi ile bwenini, habari ya msiba ikiwa imeshatufikia kupitia Nesi, Agripina, ambaye hana ubaya, alikuwa ameniambia kuwa tukiongeza kifo cha mtoto uwanja mzima utalia. Mama Nyemo hakuweza kulijua hilo. Nadhani aliuliza habari za Agripina kwa sababu tu alimpenda siku ile alipokuwa Tamaa. Lakini mimi uso ulinisaliti, naye akauona, na akaelewa. Wanawake kama yeye wamezoea kusoma nyuso.

“Sikiliza,” akasema. “Mimi niandike. Andika nilivyocheka. Andika kopo la unga. Hata alivyokataa kidole siku mbili, andika, atavumilia. Lakini huyu aliyekuja akarudi usimtie mchezoni. Huyu ni wangu.”

Nikamwahidi. Usiku niliuchukua mswada, nikaona mahali ambapo kifo kile kingekaa vizuri kabisa, baada tu ya kadi kufunguliwa, na mtu yeyote angelia. Nikapaacha kama palivyo.

Sasa nafika kwako. Tunu wa mchezoni anashona, anaimba akiwa na pini mdomoni, na anawajibu wanaomwuliza ataolewa lini kwa kuwauliza watakufa lini. Hayo nimeyachukua kwako bila kukuomba, na watu wa mradi wanataka tuucheze tena vijiji vingine baada ya likizo. Pasaka sitakuja, tunabaki kwa mazoezi. Niandikie, dada. Sikuombi unieleze kwa nini ulikataa wale wachumba. Sijawahi kukuuliza, na sasa najua si lazima nijue ili nikuheshimu. Niambie tu kipi nisiguse, na sitakigusa. Ukisema nimwondoe Tunu mzima, nitamwondoa, na Mwalimu Kezia atasikitika lakini ataelewa.

Mpe Mama shikamoo yangu na umwambie mtoto wake anakula na analala. Baba Mdogo mwambie ile redio aliyoniahidi asihangaike nayo. Wifi yetu, mke wa kaka, aliyejifungua juzi, mpe hongera, na ukimpata peke yake, kabla watu hawajajaa sebuleni, mwulize amepumzika kiasi gani na kama amerudi kliniki. Mwamkie pia Bibi wa bondeni, aliyekuwa mkunga wetu sote, na rafiki yako Mama Saumu mnayegawana naye nyumba na sukari.

Nakuacha na taa ya cherehani yako, mimi nirudi kwenye yangu.

Ni mimi mdogo wako, uliyenibeba mgongoni,
Zaina